Nani atanunua picha wilayani? Jibu kutoka Broken Hill

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeuliza hivi karibuni kama mtu mwenye akili zake anaweza kufungua nyumba ya sanaa wilayani, mbali na Dar es Salaam na mbali na watalii wa Zanzibar. Aliuliza kwa kejeli kidogo: nani atanunua? Mimi ni mtu wa Tunduru, fundi seremala, na huu ni mwaka wa tisa naendesha nyumba ya sanaa katika mji ambao ukitoka nje yake kwa gari unaweza kwenda saa nzima usione paa la nyumba. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu, usiku, nikiwa nasubiri gundi ikauke. Barua yake haikuniudhi. Ila majibu ninayo, na mengine niliyapata kwa kupoteza hela.

Mji unaitwa Broken Hill. Uko magharibi kabisa mwa jimbo la New South Wales, Australia, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sydney. Adelaide, mji wa jimbo jingine, ndiyo jirani yetu, nayo iko kama kilomita 500. Ndiyo maana saa zetu tunafuata za Adelaide, nusu saa nyuma ya Sydney. Nikimpigia simu muuza vioo wa Sydney saa kumi na nusu jioni, kwake imeshagonga saa kumi na moja na amefunga. Watu wa mji mzima hawafiki 18,000. Mvua ni ya kuhesabu, na mbuzi mwitu wanakatiza barabara kama wako kwao.

Wenyeji wa ardhi hii ni Wawilyakali, na kando ya mto Darling, ambao wenyewe wanauita Baaka, ni Wabarkindji. Wazungu walikuja na kondoo. Mwaka 1883 mfanyakazi mmoja wa shamba la kondoo, Charles Rasp, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua uzio, aliokota mawe akadhani ni bati. Kumbe ni fedha, risasi na zinki, tena nyingi ajabu. Mwaka 1885 ikaundwa kampuni ambayo leo dunia inaijua kwa herufi tatu, BHP. Hizo B na H ni za jina la mji wetu. Kampuni ilihama zamani, migodi mingine ikabaki. Kilima kilichoupa mji jina ndicho ambacho hakipo, kimeliwa chote. Mitaa imepewa majina ya madini na kemikali zake: Argent, Chloride, Sulphide, Oxide. Mimi niko karibu na Oxide, na mke wangu hunitania kwamba nimehama Tunduru kuja kuishi Mtaa wa Kutu.

Tanzania ukisema una fremu, watu wanaelewa umepanga chumba cha duka. Basi mimi nimepanga fremu ya kutengenezea fremu. Wasomaji wacheke, lakini nitarudi kwenye hilo, maana biashara yote imekaa humo.

Kazi nilijifunzia Dar es Salaam, miaka ya tisini, kwenye kibanda cha Msasani karibu na wachoraji wa Tingatinga. Nilikuwa nawapigia mbao za kutandikia kitambaa na fremu za mninga. Mgeni alinunua picha, kisha akaiacha fremu kwa sababu haiingii kwenye begi. Nimeiona picha ikivuliwa mbao zake mara nyingi, ikakunjwa kama mkeka na kuondoka, nami nikabaki na miti minne mikononi. Mwaka 2014 mke wangu, ambaye ni muuguzi, akapata ajira huku. Nikamfuata nikiwa na msumeno mmoja wa mkono na patasi tatu, ambazo uwanja wa ndege walizikagua mipini moja baada ya nyingine wakitafuta wadudu wa mbao.

Nyumba ya sanaa sikuianzisha mimi. Ilikuwa ya mzee mmoja, mchimba madini mstaafu, aliyekuwa anachora na kuuza picha zake na za wenzake. Nilipita nje nikaona fremu dirishani imeachia pembe, nikashindwa kuvumilia, nikaingia kumwambia. Akanipa gundi, akakaa kunitazama. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine, hadi magoti yalipomkatalia kusimama dukani akaniuzia kwa malipo ya kidogo kidogo. Huku kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, hata na mtoto wa shule, jambo ambalo lilinichukua muda kulizoea. Yeye nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza. Alilipenda jina, akataka mji mzima umwite hivyo, ila hakuna aliyeweza kutamka hiyo "mz".

Sasa nije kwenye swali la nani atanunua.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa la kila mgeni wa kazi hii. Nilitundika picha kubwa, nyingine mita mbili, za ardhi nyekundu na mbingu. Nilidhani kizuri chajiuza. Wageni wetu wanakuja kati ya Aprili na Oktoba, wakati wa baridi, na wengi ni wastaafu wanaovuta nyumba za magurudumu nyuma ya gari, wanazunguka bara lao lote mwaka mzima. Waliingia, wakasimama mbele ya picha, wakanywa chai yangu, wakasifu. Kisha mama anamgeukia mumewe: tutaiweka wapi? Wakanunua kadi ya dola 4 za Australia.

Siku moja nilichukua futi ya kupimia nikamwomba mzee mmoja aniruhusu nipime ndani ya nyumba yake ya magurudumu. Kitanda chao kina uvungu wa kuhifadhia vitu, na huo uvungu ndio ukuta halisi wa mnunuzi wangu. Nikarudi kwa wachoraji nikawaomba picha zisizozidi ukubwa wa sinia la chakula. Mmoja alikasirika kweli. Alisema yeye anachora mbingu, na sasa fundi kutoka Afrika anamwambia aitie kwenye sinia. Alinuna wiki tatu. Akaja na picha kumi na nne ndogo, na kabla baridi haijaisha zilikuwa zimekwenda kumi na moja.

Kwa picha za kutuma kuna kipimo kingine. Posta ya huku haipokei kifurushi kinachozidi sentimita 105 kwa urefu wala kilo 22 kwa uzito. Ukizidisha hapo unaingia kwenye malori, na lori linaweza kukugharimu zaidi ya picha. Lori moja, la nani sitaji, liliniletea kioo cha picha kikiwa unga, na karatasi ya kusaini ikisema mzigo umepokelewa ukiwa salama. Tangu siku hiyo picha ya kutuma naikata fremu isizidi sentimita 95, ili ikishafungwa na kadibodi na povu ibaki ndani ya kipimo. Tena situmii kioo, natumia plastiki ngumu angavu.

Kiangazi ni habari nyingine. Kuanzia Desemba joto linapita digrii 40 siku kadhaa mfululizo, wenye magari wamekwenda pwani, na nzi ndio wageni pekee wanaoingia bila kuitwa. Niliirithi dukani ile mashine ya kupoza inayokaa juu ya paa, inayopitisha hewa kwenye matandiko yaliyolowa maji. Inapoza vizuri na inakula umeme kidogo. Ila hewa yake ina unyevu, na picha za karatasi zikaanza kujikunja kama chapati iliyotolewa mapema. Mbili ziliharibika, nikamlipa mchoraji kana kwamba nimeziuza. Sasa za karatasi zinakaa chumba cha ndani kisicho na mashine, nami nikiingia huko Januari natoka nimelowa.

Halafu vumbi. Ni jekundu na laini, linapita mahali ambapo hata mchwa angesita. Na kwa kuwa mji umekaa juu ya madini ya risasi, ambayo ni sumu, vumbi hilo halifagiliwi ovyo. Watu wanaelekezwa kufuta kwa kitambaa kibichi, hasa wenye watoto wadogo. Kwa hiyo kila fremu yangu imezibwa nyuma kwa karatasi na utepe. Nikiwa Dar tulikuwa tunaweka gazeti nyuma ya picha, hili lenu likiwemo, samahani Mhariri. Huku nilijifunza kwamba karatasi ya gazeti ina asidi na baada ya miaka inaipaka picha umanjano. Nawaza ni picha ngapi za Msasani zinaungua polepole huko Ulaya kwa ajili ya mikono yangu.

Nirudi kwenye fremu. Daftari langu la mwaka jana linasema hivi: katika kila dola 100 zilizoingia, 61 zilitoka kwenye kutengeneza fremu, 27 kwenye picha, zilizobaki kadi na kukarabati. Msomaji mwenzangu anauliza nani atanunua picha, wakati aliyenilipia pango ni mtu ambaye hajawahi kununua picha maishani mwake. Analeta cheti cha binti yake. Analeta jezi ya timu ya mpira, au kitambaa alichotarizi bibi yake, kimetobolewa na nondo. Anasubiri, na akisubiri anatazama kuta. Mwaka wa pili au wa tatu anauliza bei.

Kuna mama mmoja alikuja na kipande cha shaba, duara, kidogo kuliko kisoda, kina tundu na namba. Wachimbaji wa zamani walikuwa na vipande kama hivyo: ukishuka shimoni unakiacha sehemu yake, ukipanda unakichukua, na jioni kipande kilichobaki kinasema kuna mtu hajatoka. Juu ya lundo la mchanga wa mgodi, katikati ya mji, kuna ukumbusho wenye majina zaidi ya 800 ya waliofia kazini. Kipande cha mumewe kilirudi, yeye mwenyewe alirudi kila siku kwa miaka thelathini na moja, akafia kitandani. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kung'arishia. Akaniwekea mkono juu ya mkono, akasema nisiguse, hilo doa jeusi ni la kidole chake. Nilikitengenezea fremu yenye kina, kitambaa cha kijivu nyuma, kipande peke yake katikati. Nilitoza dola 85 na hadi leo sijui kama ilikuwa halali kutoza.

Picha zenyewe naziuza kwa mali kauli, kama wauza mitumba wanavyofanya. Mchoraji analeta, tunakubaliana bei, naandika daftarini, anaondoka na nakala. Ikiuzwa, yeye anapata 65 kwa 100, mimi 35, na namlipa Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Isipouzwa kwa miezi sita anaichukua. Hakuna la ajabu hapo. Wachoraji wengi niliowakuta walikuwa wameshachoshwa na maduka ya mijini ambako picha inauzwa Machi na hela inakuja Septemba, kama inakuja. Nyikani huwezi kufanya hivyo. Mtu uliyemdhulumu utakutana naye kesho kwenye foleni ya mkate.

Kuna mchoraji mmoja, mama wa Kibarkindji, anakuja kutoka upande wa Wilcannia, karibu kilomita 200. Anachonga picha kwenye linoliamu, ile zulia ngumu ya sakafuni, anaipaka wino, anaikandamiza kwenye karatasi. Samaki, mto, nyayo za ndege. Sanaa hiyo ina mkubwa wake huku, Badger Bates, mzaliwa wa Wilcannia, aliyefundishwa kuchonga na bibi yake na ambaye moja ya kazi zake imesimama jangwani hapa nje ya mji, pamoja na sanamu nyingine 11 za mawe zilizochongwa mwaka 1993. Basi mama huyu alipokuja mara ya kwanza nilimpa hela ya picha yake iliyouzwa. Hakuhesabu. Akauliza: imekwenda wapi? Nikasema ameinunua mtu mmoja hivi, mrefu. Akaniuliza tena: nimekuuliza imekwenda wapi. Ule ndio mto wetu mle ndani, alisema, nataka kujua uko nyumba ya nani.

Sikuwa na jibu. Nilirudia risiti zote za mwezi ule, nikampata mnunuzi kwa simu, yuko Ballarat, picha iko sebuleni juu ya piano. Nikamwandikia yule mama. Toka hapo daftari langu lina safu ya tano: imekwenda wapi. Na nyuma ya kila picha kuna karatasi yenye jina la mchoraji, mahali, mwaka, na kile alichotaka kisemwe kuhusu picha hiyo, kwa maneno yake. Wapo wanaoandika mstari mmoja. Wapo waliojaza karatasi pande zote mbili nikawaongezea nyingine.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo Tunduru inapoingia. Majira ya baridi iliyopita aliingia mzee na mkewe, wakafungua bomba la kadibodi, wakatandaza mezani picha ya twiga wawili na mbuyu. Tingatinga. Walikuwa wameinunua safarini Tanzania miaka mingi nyuma na wanataka fremu. Mhariri, nilishika kiti. Rangi ileile inayong'aa, mistari ileile. Nikaigeuza nyuma. Hakuna kitu, wala herufi. Yule mama akaniuliza kwa furaha, kwa kuwa ameshajua nilikotoka: ni nani aliyeichora? Fundi wa Msasani, mtu wa wilaya aliyozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, nikasema sijui. Inawezekana kabisa mbao za kwanza za picha ile nilizipiga mimi.

Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akauawa kwa risasi ya polisi kwa bahati mbaya mwaka 1972. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1971, katika kijiji cha Papunya, kama kilomita 240 kutoka Alice Springs, wazee wa Kiaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, walianza nao kuchora juu ya vipande vya mbao na hadibodi, kwa rangi yoyote waliyoipata, wakihimizwa na mwalimu wa shule, Geoffrey Bardon. Hawakuwa wamesikia habari za Msasani. Ila mwaka 1972 wazee wale walifungua kampuni yao wenyewe, Papunya Tula, wachoraji wakiwa ndio wenye mali, na ipo hadi leo. Sisemi hawakudhulumiwa. Mmoja wa wachoraji wakubwa wa huko, Clifford Possum Tjapaltjarri, alichora mwaka 1977 picha iliyouzwa kwa dola 1,200. Mwaka 2007, yeye akiwa ameshafariki, picha hiyohiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.4. Sheria ya kumpa mchoraji asilimia 5 kazi yake inapouzwa upya kwa dola 1,000 au zaidi ilianza kutumika Juni 2010. Na hiyo asilimia 5 haimfikii mtu ambaye jina lake halijulikani.

Bidhaa bandia nazo tunazo. Huja watu na maboksi: bumarengi (fimbo za kurusha zilizopinda), vikombe, taulo zenye nukta nukta, bei ya kutupa. Mwaka 2019 mahakama ilitoza kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza maelfu ya vitu vilivyotengenezwa Indonesia kana kwamba vimepakwa rangi na Waaborijini. Mwuzaji wa mwisho aliyekuja kwangu nilimuuliza swali la yule mama wa Wilcannia, ila kwa upande wa pili: imetoka wapi? Akafunga boksi.

Msomaji anaweza kusema Broken Hill ni tofauti, watu wake walishaizoea sanaa. Ni kweli kwa sehemu. Mji huu una nyumba ya sanaa ya manispaa tangu mwaka 1904, iliyoanza na picha tatu alizotoa tajiri mmoja wa migodi. Tena una jina la Pro Hart. Huyu alikuwa mchimba madini, wenzake wa shimoni wakamwita Profesa kwa ubunifu wake, ndipo likaja hilo "Pro". Alichora sisimizi na sherehe za vijijini, akafyatua rangi kwa mzinga kwenye picha zake, na alipofariki mwaka 2006 alizikwa kwa heshima za serikali. Yeye na wenzake wanne walijiita kundi la wachoraji wa nyika, wakazunguka na maonyesho wakichangisha fedha za misaada. Lakini wakati wanaanza, nani alikuwa mnunuzi? Wachimbaji wenzao. Mzee aliyeniuzia duka anazo picha za Pro Hart ambazo baba yake alizinunua mshahara ukitoka. Treni ya kitalii inayotoka Sydney kwenda Perth, ambayo leo hushusha abiria hapa mapema asubuhi kwa saa chache, ilikuta wachoraji wameshakuwepo.

Kuna jambo moja ambalo mji mzima ulilijua kwa mara ya kwanza na mimi nililijua tangu utotoni. Oktoba 2024 dhoruba iliangusha minara saba ya njia kuu ya umeme. Tukaingia gizani, umeme ukirudi na kukatika kwa siku kadhaa, simu hazishiki, vyakula vya watu vinaoza kwenye majokofu. Majirani zangu walikuwa wamechanganyikiwa. Mimi nilikuwa mzoefu wa mgao! Nilitoa jiko la mkaa nililolitengeneza kwa ndoo ya rangi, nikaliweka nje ya duka, nikachemsha birika la Mzee. Watu wakaja kwa chai, wakaleta nyama zilizokuwa zinayeyuka, tukachoma. Usiku wa pili mtu mmoja alisema tuingie tutazame picha kwa tochi. Waliingia kama thelathini, wengine ambao kwa miaka yote hiyo walikuwa wanapita tu nje. Ukimulika picha kwa tochi kutoka ubavuni unaona kila pigo la brashi limesimama kama tuta la shamba. Hatukuuza kitu. Wiki mbili baadaye, umeme umetulia, kijana mmoja wa mgodini alirudi kuitafuta ile aliyoimulika yeye, ya mbingu ndani ya sinia. Akalipa kwa mafungu manne.

Kwa hiyo kama msomaji mwenzangu ana nia na hakuwa anatania, namshauri asianze na picha. Aanze na benchi la seremala, msumeno unaokata sawasawa digrii 45, na birika. Wilayani kwake hakuna asiyekuwa na picha ya harusi inayooza kwenye mfuko wa plastiki. Anunue daftari lenye mistari mipana, achore safu tano. Akipata mchoraji wa kwanza, amlipe Ijumaa.

Na kabla hajasaini mkataba wa fremu, aende pale saa kumi jioni aone jua linapiga ukuta gani. Wangu wa magharibi unapigwa kuanzia Oktoba hadi Machi. Niliyagundua hayo baada ya picha tatu kupauka, moja ikiwa ya Mzee, ambaye bado anaiulizia.

Wako,
Fundi fremu,
Broken Hill, New South Wales, Australia
(Jina na anwani vimehifadhiwa)